Kakao ya Beni inakula nini, na mwezi gani? Historia ya mti, udongo na vita

Kila mvua za mwezi wa tatu zinaporudi Beni, swali moja linarudi pia katika familia zilizokimbia vijiji vyao na kupata mahali pa kulala Bungulu, Mulekera, Oicha au Butembo: kakao tuliyoiacha nyuma iko namna gani? Ni swali la makuta, kwa sababu kakao ndiyo inayolipa masomo ya watoto na dawa za wagonjwa. Ni swali la urithi pia, kwa sababu mti wa kakao unaishi miaka makumi. Tena ni swali la chakula, lakini si chakula cha watu tu. Mti nao unakula. Hauli kitu kimoja mwaka mzima, na hauli kiasi kimoja kila mwezi. Ukiivuruga kalenda hiyo, mti unaonyesha dalili.

Habari hii inafuata kalenda hiyo, na inaeleza jinsi watu wa Beni walivyoijua, walivyoipoteza kwa kahawa, wakaipata tena kwa kakao, na jinsi vita ilivyoikata tangu mwaka wa 2014.

Kwanza ilikuwa kahawa

Kabla ya kakao, jina lililoleta makuta Beni lilikuwa kahawa. Wakati wa ukoloni wa Ubeljiji, mashamba makubwa ya Wazungu yalifunguliwa Beni na upande wa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori. Kahawa aina ya robusta ilikaa kwenye joto la bondeni na msituni. Arabika ilipanda juu kwenye baridi ya Lubero. Mwaka wa 1933 serikali ya koloni iliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, yenye kituo kikuu Yangambi, karibu na Kisangani. Baada ya uhuru kazi yake ilichukuliwa na INERA.

Wataalamu wa kahawa wa miaka ile walisisitiza jambo ambalo wazee wengi wanalikumbuka bado: funika udongo. Majani makavu na nyasi zilizokatwa ziwekwe chini ya mti. Kazi ya kufunika ilikuwa nzito, na wafanyakazi hawakuipenda, lakini ilikuwa na maana. Mti wa kahawa una mizizi mingi ya kulia karibu na uso wa udongo. Ukianika udongo kwenye jua, umekausha sahani ya mti.

Kahawa ina tabia moja iliyowafundisha watu sana. Inangoja ukavu wa wiki kadhaa, halafu mvua moja nzuri ikinyesha, shamba zima linachanua meupe. Robusta inakaa miezi 9 hadi 11 kutoka ua mpaka tunda jekundu. Miezi ya kwanza tunda ni dogo na linaomba kidogo. Baadaye linavimba na kutaka maji mengi. Kisha mbegu ndani inajaa, na hapo ndipo mti unapovutwa kwa nguvu, hasa azoti na potasi. Shida ni kwamba kahawa haijui kukataa. Ikibeba matunda mengi kuliko uwezo wake, haiyaangushi. Inayalisha yote, inamaliza akiba ya matawi na mizizi, na mwaka unaofuata matawi yanakauka kuanzia ncha. Mlimaji anayeshangilia mavuno makubwa mwaka huu anaweza kulia mwaka kesho.

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1973, Rais Mobutu alitangaza zairianizasyo. Mashamba na biashara za wageni yalipewa Wazaire, na mengi kati ya mashamba hayo yalianguka kwa kukosa matunzo. Hata hivyo, kahawa ya walimaji wadogo iliendelea. Baridi kali ilipoua kahawa ya Brazili mwezi wa saba wa 1975, bei ya dunia ilipanda sana, na mpaka wa Kasindi ukajaa magunia yaliyovuka kwenda Uganda na bidhaa zilizorudi kutoka huko. Nyumba nyingi za mabati za Beni na Butembo zina mizizi katika kahawa ya miaka ile.

Mapigo mawili

Pigo la kwanza lilitoka mbali. Mwezi wa saba wa 1989, mapatano ya dunia yaliyogawa kiasi cha kahawa ambacho kila inchi ingeuza yalivunjika. Bei ilianguka karibu nusu kwa muda mfupi. Mlimaji wa Beni hakuwa na la kufanya, maana bei yake ilikuwa imeamuliwa London na New York.

Pigo la pili lilitoka ndani ya mti wenyewe. Ugonjwa wa kunyauka, ambao watu wa kilimo wanauita trakeomikozi, ulijulikana Afrika ya Kati tangu miaka ya 1920. Baadaye ulirudi kwa nguvu kaskazini-mashariki mwa Kongo, upande wa Uele, ukashuka Ituri na kufika Beni. Mwaka wa 1993 ulionekana Uganda, na moja ya sehemu za kwanza ilikuwa Bundibugyo, ng'ambo ya mpaka, mkabala na Kamango.

Ugonjwa huo unastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu wengi waliamini kwamba udongo umechoka. Haikuwa hivyo. Kinachoua ni kuvu inayoingia katika mishipa ya mti, ile inayopandisha maji na chakula kutoka mizizini. Mishipa ikiziba, majani yanageuka manjano, yananyauka na kuanguka, kuanzia upande mmoja mara nyingi. Ukichubua gome chini, unaona mbao imebadilika rangi. Mti unakufa kwa njaa huku umesimama juu ya udongo wenye chakula. Hakuna mbolea iliyoweza kuuponya. Dawa ilikuwa kung'oa, kuchoma na kupanda aina zinazovumilia. Panga lililotumika kwenye mti mgonjwa na kupelekwa kwa mti mzima lilibeba ugonjwa pamoja nalo.

Wakati huohuo vita ziliingia. AFDL ilipita mwaka wa 1996. Kuanzia 1998 Beni ikawa chini ya makundi ya RCD. Mwishoni mwa 2002, mapigano ya upande wa Mambasa yalisukuma watu wengi kukimbilia Beni. Kahawa inayoomba kukatiwa matawi, kupaliliwa na kufunikwa udongo haingeweza kushindana na hayo yote. Familia nyingi ziliing'oa au ziliiacha ife.

Kakao inaingia

Kakao si mti wa Afrika. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini. Ilivuka bahari katika karne ya 19, ikapata makao kwenye visiwa vya São Tomé na Príncipe, kisha Ghana, Côte d'Ivoire na inchi nyingine. Kongo nayo iliipanda wakati wa ukoloni, na eneo lililojulikana zaidi lilikuwa Mayombe, magharibi kabisa. Beni ilijulikana kwa kakao baadaye sana. Ni kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 ndipo kampuni za kununua, ESCO-Kivu ikiwa miongoni mwake, ziliposukuma miche, mafundisho na soko katika vijiji vya teritware ya Beni. Sehemu kubwa ya kakao hiyo iliuzwa kwa alama ya bio, yaani bila mbolea wala dawa za kiwandani. Baada ya miaka michache, chokoleti iliyobeba jina la Virunga ilikuwa ikiuzwa Ulaya.

Walimaji waliipokea haraka kwa sababu ilifanana na maisha yao. Mti mdogo wa kakao unataka kivuli, na ndizi zilikuwepo. Mlimaji anapanda ndizi, anatia maharage na mihogo katikati, na kakao inakua chini yake. Baada ya miaka mitatu hivi matunda ya kwanza yanatokea kwenye shina. Familia inakula ndizi huku ikingoja. Nao waliotoka milima ya Lubero, ambako ardhi ilikuwa imekuwa finyu, walikuta Beni udongo wa msitu ambao haujalimwa muda mrefu.

Alama ya bio ilileta swali ambalo kahawa ilikuwa imekwisha kuuliza: kama hakuna mfuko wa NPK, mti utakula nini? Jibu liko chini ya miguu ya mlimaji, kwenye majani makavu.

Mwaka wa mti wa kakao

Beni iko karibu kabisa na ikweta. Mvua zina vipindi viwili: kimoja kinaanza mwezi wa tatu, kingine kinaanza mwezi wa nane au wa kenda na kufika mwisho wa mwaka. Katikati kuna ukavu kidogo, mwezi wa kwanza na wa pili, tena mwezi wa sita na wa saba. Kwa hiyo kakao inazaa karibu mwaka mzima, lakini ina vilele vyake.

Ukavu ukija, majani ya zamani yanaanguka. Mwenye shamba asiyejua anadhani mti unaumwa. Kweli ni kwamba kabla jani halijaanguka, mti umekwisha kuvuta sehemu ya chakula kilichomo, hasa azoti na potasi, na kukipeleka kwenye matawi. Kinachobaki kinaangukia udongoni. Shamba zuri la kakao linaangusha tani kadhaa za majani makavu kwa hektari kila mwaka.

Mvua ya kwanza ikigonga majani hayo, wadudu na kuvu za udongo wanaamka, na chakula kinaachiliwa kwa wingi ndani ya siku chache. Mizizi ya kakao inayokula iko hasa katika sentimita 20 au 30 za juu, na inasubiri hapo hapo. Ndiyo maana anayechoma majani makavu mwezi wa pili ili shamba lionekane safi amechoma chakula cha mwezi wa tatu.

Kisha mti unatoa majani mapya, mekundu na laini. Hiki ni kipindi cha azoti. Majani machanga hayajajitegemea. Yanakula kutoka kwa majani makubwa na kutoka kwenye akiba ya matawi. Fosfori nayo inahitajika kwa mizizi mipya na maua.

Maua yanatokea kwenye shina na matawi mazito, maelfu kwa mwaka. Yanayogeuka matunda ni machache mno, chini ya 5 kati ya 100 mara nyingi. Wanaoyachavusha ni vijidudu vidogo kuliko mbu, ambavyo vinazaliana katika majani yanayooza, mashina ya ndizi yaliyokatwa na maganda ya kakao yaliyooza. Kwa hiyo takataka ileile inayolisha mizizi inalea pia wachavushaji. Shamba lililofagiwa mpaka udongo uking'aa linachanua vizuri, lakini linazaa vibaya.

Matunda madogo yakitokea, kakao inafanya kile ambacho kahawa haiwezi. Inahesabu. Katika miezi miwili na nusu ya kwanza, mti unaacha vitunda vingi vinyauke na kugeuka vyeusi vikiwa bado shinani. Si ugonjwa kila mara. Ni mti unaopunguza mzigo kufuatana na chakula ulicho nacho. Vitunda vinanyauka zaidi pale majani mapya yanapotoka kwa wakati uleule, kwa sababu majani na vitunda vinagombania chakula kimoja.

Tunda likipita kizingiti hicho, halinyauki tena kwa njia ile. Sasa linavimba, na ganda linajengwa. Huu ni wakati wa potasi na maji. Katika miezi ya mwisho mbegu zinakauka kutoka hali ya ute, zinakuwa ngumu na kujaza mafuta. Kutoka ua mpaka tunda lililoiva ni miezi mitano hadi sita. Ua la mwezi wa nne ni tunda la mwezi wa kenda au wa kumi. Ua la mvua za mwisho wa mwaka ni tunda la katikati ya mwaka unaofuata.

Si kakao peke yake yenye hesabu ya namna hii. Mzabibu wa Ulaya unaanza machipukizi yake kwa akiba iliyowekwa mizizini na shinani mwaka uliopita, unavuta azoti nyingi majani yanapokua, na unaingiza potasi katika zabibu zinapoanza kuiva. Dodoma, Tanzania, ambako hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, walimaji wanaukata ili kuuanzisha upya, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Hilo linawezekana kama akiba inarudishwa kila mara. Kakao ya Beni haikatwi hivyo, lakini kanuni ni ileile: mavuno ya leo yalilishwa miezi mingi nyuma.

Hesabu ya ganda

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye shamba anafaa kuijua. Tani moja ya kakao kavu inaondoka shambani na kilo 20 hivi za azoti, kilo 4 za fosfori na kilo 10 za potasi. Si nyingi sana. Lakini karibu robo tatu ya uzito wa tunda ni ganda, na ganda ndilo linaloshika potasi. Kama maganda nayo yanatoka shambani, potasi inayopotea inazidi mara tano na zaidi.

Tuchukue mfano wa hektari moja inayotoa kilo 500 za kakao kavu kwa mwaka. Maganda yakibaki shambani, potasi inayotoka ni kilo 5 hivi. Matunda yakibebwa mazima na kupasuliwa nyumbani, au maganda yakirundikwa mahali pamoja kando ya njia kwa miaka, ni zaidi ya kilo 25 kila mwaka. Baada ya miaka kumi ni zaidi ya kilo 250 kwenye udongo ambao hakuna anayeutilia mbolea. Mti hautakufa. Kingo za majani ya zamani zitakauka, vitunda vingi zaidi vitanyauka, na mlimaji atasema kakao imezeeka.

Maganda hayatakiwi kutupwa ovyo chini ya miti, kwa sababu yanalea ugonjwa wa tunda jeusi. Njia inayofaa ni kuyarundika, kuyafunika kwa majani na udongo mpaka yaoze kabisa, halafu kuyatawanya chini ya miti mvua zinapoanza.

Vita ndani ya kalenda

Mwezi wa kumi wa 2014 mauaji ya raia yalianza kwa wingi katika teritware ya Beni. Waasi wa ADF, walioingia eneo hili kutoka Uganda katika miaka ya 1990, wamehesabiwa kuwa wahusika wakuu, hata kama ripoti mbalimbali zilitaja pia wengine. Mwezi wa nane wa 2016 Rwangoma, mtaa wa mji wa Beni wenyewe, ulipigwa. Tarehe 1 mwezi wa nane wa 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, ambako pia ni inchi ya kakao. Ilimalizika rasmi mwezi wa sita wa 2020. Mwezi wa tano wa 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwisho wa mwaka huo jeshi la Uganda liliingia kufanya operesheni Shujaa pamoja na FARDC.

Tarehe hizo zinajulikana. Kinachosemwa mara chache ni kwamba kila moja iliangukia mwezi fulani wa mti. Watu waliokimbia mwezi wa kumi wa 2014 walikimbia matunda yakiwa yameiva. Walikuwa wamepalilia, wamepunguza kivuli, wamengoja tangu maua ya mwezi wa nne. Mwingine alivuna kazi yao, au matunda yalioza mtini.

Kakao ilikuwa pia sababu ya kufa. Mashamba yako mbali na barabara, chini ya miti, mahali ambapo mtu haonekani. Walimaji wengi waliuawa au kutekwa wakiwa wanavuna. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha na biashara katika Kongo wameandika kuhusu kakao inayochukuliwa kwenye mashamba ya watu waliokimbia, na kuhusu kakao inayovuka kwenda Uganda bila kuhesabiwa. Mwaka wa 2024, mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire yalipoanguka, bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, ingawa mwaka wa 2025 ilianza kushuka tena. Bei hiyo ilimfanya mwizi wa shamba kuwa na haraka kuliko mwenyewe.

Haraka hiyo ina gharama ndani ya mbegu. Mtu anayeogopa kwamba kesho hataweza kurudi anakata matunda mabichi. Mwizi naye vilevile. Lakini tumeona kwamba mafuta ya mbegu yanaingia katika miezi ya mwisho. Tunda lililokatwa kabla ya kuiva limekwisha kutumia karibu potasi yote ya ganda, bila kurudisha mbegu nzito. Mti umelipa, mlimaji hakupokea. Mbegu zake ni nyepesi, ute ni mdogo, hazichachi vizuri, na mnunuzi anashusha bei kwa gunia zima. Hofu inakula kilo.

Shamba lililoachwa

Wengi wanadhani kwamba shamba lililoachwa miaka mitano au kumi limekufa. Si hivyo kwa kawaida. Kama halikukatwa wala kuchomwa, udongo wake unaweza kuwa umepumzika, kwa sababu majani yaliendelea kuanguka na maganda hayakutoka. Chakula kipo. Kinachokosekana ni mwanga, hewa na usafi. Kivuli kimezidi, kamba za msitu zimefunga matawi, machipukizi yamepanda kutoka chini ya shina na kuvuta akiba ya mti, na matunda meusi ya zamani yamebaki yakining'inia na kueneza ugonjwa.

Kwa hiyo, pale ambapo usalama umerudi na wenye mamlaka wameruhusu watu kwenda mashambani, kazi inafuata kalenda. Kwanza kutoa matunda meusi yote na kuyazika. Kisha kuondoa kamba na machipukizi. Kupunguza matawi kunafaa baada ya mavuno makubwa, kabla ya mvua, na kwa hatua: sehemu mwaka huu, sehemu mwaka ujao. Anayekata matawi yote kwa siku moja kwa furaha ya kurudi nyumbani ananyang'anya mti akiba yake na majani yake pamoja, na jua linapasua gome lililozoea kivuli. Majani na matawi yaliyokatwa yanabaki chini, hayachomwi. Mavuno ya maana yasitegemewe kabla ya maua kupata mvua na miezi yake mitano au sita. Mwaka wa kwanza ni wa kuulisha mti.

Kwa wale ambao bado hawawezi kurudi, kuna jambo moja ambalo halihitaji kuvuka kizuizi chochote. Ni kuwaambia watoto. Mtoto aliyekimbia mwaka wa 2014 akiwa na miaka 6 alifikisha 16 mwaka wa 2024, na pengine hajawahi kuona ua la kakao likigeuka tunda. Anajua kwamba familia ina shamba, hajui mipaka yake ni mto gani na mti gani, wala idadi ya miti. Kuandika hayo katika daftari, pamoja na majina ya majirani wa shamba waliokuwepo wakati wa kupanda, kunaweza kuzuia ugomvi mkubwa siku ya kurudi. Na kumweleza kwa nini babu hakuchoma majani makavu mwezi wa pili ni sehemu ya urithi huohuo.

Kahawa ya Beni ilianguka kwa sababu bei, ugonjwa na vita vilikuja pamoja, na elimu ya kuitunza ikakatika kati ya kizazi na kizazi. Aina zinazovumilia ugonjwa zilipopatikana, wengi waliozipanda walilazimika kujifunza upya kukata na kufunika udongo. Kakao imefika kwenye hatari ileile. Bei imepanda na kushuka, vita haijaisha, na wenye kujua mwezi wa mti wanazeeka mbali na mashamba. Udongo wa Mbau, Mamove, Bulongo na Watalinga una chakula bado. Kinachohitajika ni mlimaji anayeweza kuwa shambani mwezi wa pili, mwezi wa nne na mwezi wa kenda, na kurudi nyumbani jioni akiwa mzima. Hilo la mwisho mti hauwezi kulitoa. Linadaiwa kwa wale waliopewa kazi ya kulinda raia, na familia za Beni zimekuwa zikilidai tangu 2014.